Kalemie na Manono: tusigombanie sahani, chungu kinaondoka



Siku hizi katika jimbo letu la Tanganyika kuna maneno mawili yanayozunguka sana. Hapa Kalemie, sokoni, kwenye gara, hata watu wakitoka kanisani, utasikia: "Batu ya Manono banajiona. Tangu dunia ianze kusema litiumu, habataki tena kusikia chef-lieu." Kule Manono jibu liko tayari: "Sisi tunachimba, Kalemie inakula." Mwanzo yalikuwa utani wa ndugu kwa ndugu. Leo utani umekwisha. Kijana wa Kalemie akifika Manono kutafuta kazi anaulizwa amefuata nini. Mtu wa Manono akifika Kalemie kufuata karatasi kwenye ofisi za jimbo, anaambiwa arudie kesho, na kesho tena, mpaka makuta ya safari yanakwisha.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasikia pande zote mbili. Wenzetu wako Kalemie, wengine wako Manono, na wengi wana mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Ndiyo maana tumeona afadhali tuandike wazi, hata kama kuna watakaokasirika hapa mjini kwetu. Tunasema hivi: katika ugomvi huu Manono wana haki kwa mambo mawili. Kalemie wana haki kwa jambo moja. Na kuna jambo la nne ambalo hakuna upande unaolitaja, na ndilo linaloweza kutuacha sote mikono mitupu.

Ugomvi umetoka wapi

Wazee wanajua, lakini vijana wengi hawajaambiwa. Kalemie, iliyoitwa Albertville, ilianza kama kituo cha askari wa Wabelgiji mwaka 1891. Kilichoifanya kuwa mji ni njia. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika kwenye ziwa, na tangu hapo mzigo wa ndani ya nchi ulikuwa na mlango wa kutokea mashariki: unashuka kwenye treni, unapanda meli, unavuka mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma unachukua reli nyingine mpaka Dar es Salaam. Pembeni ya njia hiyo kazi zingine zikazaliwa: mkaa wa mawe wa Lukuga, nguo za Filtisaf, simenti ya Kabimba.

Manono yenyewe ilizaliwa na jiwe. Kampuni ya Géomines ilianzishwa mwaka 1910, na kasiterite ikajenga mji mzima: kambi za wafanyakazi, hospitali, masomo, viwanja vya mpira. Katika miaka ya 1930 ukajengwa mtambo wa umeme wa Mpiana-Mwanga kwenye mto Luvua. Wazee waliofanya kazi kule wanasimulia kwamba taa za barabarani ziliwaka usiku kucha, wakati miji mingi mikubwa ya leo ilikuwa ingali pori.

Wakati ule miji hii miwili haikuwa na sababu ya kupigana. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Halafu yote miwili ikaanguka. Bei ya tini ikashuka, mashine zikazeeka, na katika miaka ya 1980 kampuni kubwa ya Manono ikasimama. Vita vya 1998 mpaka 2003 vikabomoa kilichobaki, pamoja na mtambo wa umeme. Hapa Kalemie Filtisaf ikafunga, na leo kwa wengi ni jina la mtaa tu. Treni ikawa kitu cha kungojea siku nyingi. Watoto wa wafanyakazi wa Manono wakashika nyundo na kuchimba kwa mikono pale pale ambapo baba zao waliendesha mashine.

Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kalemie ikawa makao ya jimbo, na liwali wetu. Hapa inafaa tukumbuke jambo moja. Kabla ya 2015, sisi watu wa Kalemie tulilia nini? Tulisema: "Lubumbashi inakula yote. Sisi tuko mbali, barabara hakuna, kila karatasi lazima iende Lubumbashi." Tulikuwa na haki kulia vile. Basi leo mtu wa Manono akisema maneno yale yale juu ya Kalemie, kwa nini tunasema ni kiburi?

Litiumu imefika, na maneno yamefika mbele yake

Mwaka 2019 kampuni AVZ ya Australia ilitangaza kwamba imepima Manono karibu tani milioni 400 za mawe yenye litiumu. Litiumu ndiyo inayotengeneza betri za magari ya umeme na za simu tunazoshika mkononi. Tangu siku ile Manono imeingia kwenye midomo ya wakubwa wa dunia. Serikali na AVZ wakaingia katika mabishano ya karatasi ambayo yalifika mbele ya waamuzi wa ng'ambo. Sehemu moja ya machimbo ikapewa Manono Lithium, ambamo Zijin ya China iko pamoja na Cominière, kampuni ya serikali yetu. Mwaka 2025 KoBold Metals ya Marekani nayo ikasaini na serikali mapatano ya kwanza.

Angalieni majina hayo: Australia, China, Marekani, Kinshasa. Wote hao wanajua wanachotaka Manono, na wana wanasheria wa kukitafuta. Sisi wenye jimbo ndio tumeketi tukibishana nani ni mkubwa kati ya mji wa ziwa na mji wa shimo.

Jambo la kwanza: ile 15 kwa mia

Wengi wanaosema "Kalemie inakula" hawajaambiwa sheria inasemaje, na wengi wanaojibu pia hawajaambiwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa ushuru wa madini, ule unaoitwa redevance minière, hivi. Kama kampuni imelipa dola 100, dola 50 zinakwenda serikali kuu. Dola 25 zinakuja jimbo. Dola 15 zinakwenda kwa utawala wa mahali ambapo jiwe limetoka. Dola 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Kwa hiyo Kalemie, kama makao ya jimbo, inapokea 25. Lakini hizo 25 si za mji wa Kalemie. Ni za jimbo zima: Kabalo, Kongolo, Moba, Nyunzu, Manono, na sisi. Mtu wa Manono akiuliza "25 za jimbo zimejenga nini kwetu?" ameuliza swali la haki, na mtu wa Moba anaweza kuliuliza vile vile.

Na zile 15 je? Hapa kuna jambo linalopaswa kujulikana kule Manono. Kwa sheria yetu ya mwaka 2008, territoire si utawala unaojitegemea kwa makuta. Wanaojitegemea ni mji, komini, sekta na chefferie. Maana yake 15 haziendi kwa administrateur wa territoire. Zinakwenda kwa komini, sekta ama chefferie yenye machimbo. Mtu asipojua hilo, atasimama mbele ya mlango usio wenyewe, atapiga kelele, na mwenye ufunguo atakuwa amelala nyumba ya pili.

Kuna tena 0,3 kwa mia ya mauzo yote ya kampuni, ambayo sheria hiyo hiyo inadai itumiwe kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Makuta hayo hayapaswi kupita mkononi mwa liwali wala waziri. Yanasimamiwa na chombo ambamo kampuni na wenyeji wanaketi pamoja.

Tunasema wazi: hizo 15 na hizo 0,3 ni za wenyeji wa machimbo, na Kalemie haina neno ndani yake. Mtu yeyote wa hapa anayetafuta njia ya kuzivuta mpaka kwenye ofisi za jimbo anavunja sheria, hata kama anazungumza kwa jina la umoja wa Tanganyika. Haya ndiyo mambo ya kwanza ambamo Manono wana haki.

Jambo la pili: kazi kwa wenyeji

Wenyeji wa Manono wanasema: "Batoto ya hapa kwanza." Hapa Kalemie watu wengi hawapendi neno hilo. Wanajibu kwamba wao wamesoma, wana diplome, wana vyuo, na kazi inapaswa kwenda kwa mwenye ujuzi.

Tuliweke sawa. Kwa kazi inayodai ujuzi mkubwa, fundi wa umeme, muuguzi, mwendesha mashine nzito, achukuliwe anayejua, awe wa Kalemie, wa Likasi ama wa Kananga. Lakini kazi za kusafisha uwanja, kulinda, kupika, kubeba, kuendesha gari dogo, kuchimba mitaro, kuna sababu gani zipelekewe mtu aliyepanda kamyo siku nne, wakati kijana wa pale pale anayeona vumbi la kampuni likiingia katika sahani yake anaketi bure? Watu wanaopoteza mashamba, wanaosikia mlipuko, ambao maji yao yanaweza kuchafuka, ndio wanaopaswa kuitwa kwanza. Ni haki ya mwenye nyumba. Na wenye diplome wa Kalemie, kazi yao si kuchukua nafasi ya yule mlinzi. Kazi yao ni kumfundisha awe fundi.

Lakini hapa tunawageukia ndugu zetu wa Manono pia. Mwenyeji maana yake nini? Mwenyeji si kabila. Jimbo hili linajua vizuri bei ya kugawanya watu. Tumeona vita vya Waluba na Watwa, tumeona vijiji vikichomwa, tumeona mwaka 2017 maelfu na maelfu ya watu waliokimbia wakilala kwenye vibanda vya majani pembeni ya Kalemie yetu. Mtwa aliyezaliwa Manono ni mwenyeji wa Manono. Mtoto wa mfanyakazi wa zamani ambaye babu yake aliletwa na Géomines kutoka mbali ni mwenyeji wa Manono. Kama orodha ya "wenyeji" itatengenezwa kwa kuangalia majina ya ukoo, basi hatutakuwa na kazi, tutakuwa na moto. Orodha ibandikwe mahali pa wazi, kila mtu aisome, na aliyezaliwa ama aliyekaa pale aonekane.

Jambo la tatu: njia

Sasa tuje kwa haki ya Kalemie. Mji wetu haudai jiwe. Unadai jiwe lipite.

Kutoka Kalemie mpaka Manono, ndege ikiruka moja kwa moja, ni karibu kilometa 250. Kwa barabara ni mbali zaidi, na wakati wa mvua makamyo yanalala njiani siku nyingi. Madereva wanapika bukari chini ya gari wakingoja matope yakauke. Kwa sababu hiyo ndagala ya ziwa letu inafika Manono kwa bei inayoumiza mama wa kule, na chumvi na sabuni vile vile.

Mpango ambao AVZ ilitoa mwaka 2020 ulikuwa kwamba makamyo yabebe mzigo mpaka Kabondo Dianda, katika Haut-Lomami, halafu treni iupeleke mpaka Lobito kule Angola ama Dar es Salaam kwa njia ya kusini. Angalieni ramani. Katika njia hiyo mzigo unatoka jimbo la Tanganyika bila kuona Kabalo, bila kuona Nyunzu, bila kuona ziwa. Na leo Marekani na Ulaya wanasukuma reli ya Lobito kwa nguvu zao zote. Kampuni yoyote inayochimba itatafuta njia iliyo rahisi kwake. Si uadui, ndiyo biashara.

Lakini ni lazima tuulize: rahisi kwa nani? Sisi tuna bandari. Kigoma iko karibu kilometa 130 tu ng'ambo ya maji. Reli ya Kigoma mpaka Dar es Salaam ilifika ziwa mwaka 1914, na leo Tanzania inajenga reli mpya ya kisasa kuelekea Kigoma hiyo hiyo. Upande wa ng'ambo wanajitayarisha. Upande wetu, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, yaliingia ndani ya nyumba na kwenye barabara za mji, na bandari yetu ni ile ile ya wazee. Kama mlango wa Kigoma utafunguka na mlango wa Kalemie umeoza, mzigo hautatungoja.

Kwa hiyo Kalemie wanaposema "litiumu ipite kwetu, angalau sehemu," hawaombi sadaka. Wanaomba barabara ya Manono itengenezwe, na reli ya Kabalo ifufuke. Na tunawaambia ndugu wa Manono: barabara hiyo si ya Kalemie peke yake. Kampuni inaweza kutoa mawe yake kusini, lakini ninyi mtaendelea kula vitu vinavyotoka ziwani. Siku ambayo machimbo yatakwisha, na kila machimbo yanakwisha, ninyi mliona ya tini, barabara na reli zitabaki. Mlikuwa na jiwe na umeme na hospitali, na siku kampuni iliposimama mlibaki kisiwa. Msikubali kuwa kisiwa mara ya pili.

Jambo la nne: kontra

Mpaka hapa tumezungumza kama raia wa miji miwili. Sasa tuzungumze kama wafanyakazi, maana hapa ndipo kuna hatari inayotutisha.

Tazameni kilichotokea kwa wenzetu wa kusini. Lubumbashi na Kolwezi walikuwa katika jimbo moja la Katanga, na ugomvi wao ulikuwa kama wetu. Kolwezi walisema: "Shaba inatoka kwetu, majumba yanajengwa Lubumbashi." Mwaka 2015 Kolwezi ikapata jimbo lake, Lualaba, na liwali wake. Mji umekua, barabara zimetiwa lami, majengo yamepanda. Tunawapongeza. Lakini ulizeni mfanyakazi wa pale anaajiriwa na nani. Wengi hawaajiriwi na kampuni inayochimba. Wanaajiriwa na kampuni ndogo ya katikati, ya sous-traitance, kwa kontra fupi, mshahara mdogo kuliko wa mwenzake anayefanya kazi ile ile kando yake, na matunzo ya hospitali yasiyolingana. Kolwezi ilishinda Lubumbashi, lakini mfanyakazi wa Kolwezi hakushinda chochote kwa sababu hiyo.

Na kabla ya hapo? Mwaka 2003, wakati Gécamines ilipokuwa mgonjwa, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitolewa kwa mpango ulioitwa "départs volontaires". Walitoka Lubumbashi, walitoka Likasi, walitoka Kolwezi. Karatasi ya kuondoka haikuuliza mtu ni wa mji gani.

Sisi wenyewe tumekwisha kuona mwanzo wa mchezo huo katika jimbo letu, na hatutaji jina la kampuni. Vijana wa mahali wanapoomba mshahara uongezwe, msimamizi anawaambia: "Kama hamutaki, batoto ya Kalemie iko inangojea." Na vijana wa Kalemie wanapofika na kuuliza juu ya chakula na mahali pa kulala, wanaambiwa: "Mushukuru, benyeji habatamani hata kuwaona." Hivyo kila mmoja ananyamaza kwa kumwogopa mwenzake. Ugomvi wa miji yetu unamfaa tajiri. Haumgharimu hata franga moja, na unamshushia mishahara.

Kwa sababu hiyo tunawapa hapa vitu vitatu vya sheria ya kazi ya mwaka 2002. Vikateni, vitieni mfukoni.

Cha kwanza. Mfanyakazi wa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya wakati usio na mwisho. Kwa hiyo hesabuni siku zenu. Andikeni katika kitabu kila siku mliyofanya, na jina la aliyewaita.

Cha pili. Kontra ya wakati maalum haiwezi kupita miaka 2. Na kama mfanyakazi ameoa na kazi imemtenganisha na familia yake, haiwezi kupita mwaka 1. Baba wa Kalemie unayefanya kazi Manono huku mama na watoto wamebaki karibu na ziwa, sheria hii imekufikiria wewe. Kontra ya namna hiyo inaweza kurudiwa mara moja tu.

Cha tatu. Uliza namba yako ya CNSS. Makuta yanakatwa kwenye mshahara, lakini kama kampuni haikuandikisha jina lako, siku ya ajali ama ya uzee utakuta kurasa nyeupe.

Haya matatu ni sawa kwa mtu wa Kalemie na mtu wa Manono. Sheria haina ziwa wala shimo.

Na creuseurs je?

Kuna watakaosema: "Muko munasemea benye kontra, lakini sisi tunaochimba kwa mikono?" Ni swali kubwa, maana wao ndio walioilisha Manono miaka yote ambayo kampuni ilikuwa imelala. Kasiterite na koltani yao ndiyo iliyolipa masomo ya watoto wengi, Manono, Nyunzu, mpaka hapa Kalemie. Sasa kampuni kubwa zikipanua mipaka, wao ndio wa kwanza kufukuzwa.

Sheria inasema mchimbaji wa mikono afanye kazi katika zone iliyotengwa kwa ajili yake, ndani ya kooperative. Vizuri. Lakini zone yenyewe lazima iwe na madini ndani, isiwe pori tupu. Hapa tena Kalemie na Manono wanahitajiana. Mashimo yako Manono, lakini ofisi za madini za jimbo ziko Kalemie. Creuseur wa Manono hana makuta ya kuja kukaa hapa wiki mbili akingoja mkubwa. Sisi wa Kalemie tunaweza kumpelekea sauti yake mpaka ofisini, kama tutaacha kumwita "mutu wa pori". Neno hilo tulilisikia Lubumbashi likitumiwa juu yetu.

Tunachodai

Kwa hiyo, badala ya kugombana, tunaomba miji miwili idai pamoja mambo manne.

Mosi, kila mara ushuru wa madini unapolipwa, kiasi kibandikwe ukutani Kalemie na Manono siku ile ile: hizi ni 25 za jimbo, hizi ni 15 za mahali, hizi ni 0,3 za wenyeji, na zimefanya hiki. Mwenye shaka aende kusoma, asingoje radio ya barabarani.

Pili, kazi zisizo za ujuzi mkubwa ziende kwanza kwa wenyeji wa machimbo bila kuangalia kabila, na kazi za ujuzi zitangazwe wazi Manono na Kalemie.

Tatu, barabara ya Kalemie na Manono iingie katika masharti ambayo kampuni zinaandika na serikali na wenyeji. Na wabunge wa jimbo letu, wale wa Manono na wale wa Kalemie, waende Kinshasa na karatasi moja juu ya reli ya Kabalo na bandari. Wakienda na karatasi mbili zinazopingana, watapewa viti, watapewa maji ya kunywa, na watarudi bila kitu.

Nne, kazi ya kudumu ipewe kontra ya kudumu, na kampuni yenyewe. Mishahara iwe na daraja moja kwa kazi moja, mfanyakazi awe ametoka Manono, Kalemie ama kwingine. Na tunapochagua wajumbe wa sendika, tuchague kwa kazi na ujasiri, si kwa kijiji.

Tunajua wapo wakubwa wasiopenda maneno haya. Kuna wanaotafuta kura kwa kusema "tuilinde Kalemie," na kuna wengine kule wanaotafuta kura kwa kusema "tuikomboe Manono." Wakija kwenye mtaa wenu, msiwapigie makofi haraka. Waulizeni swali moja tu: zile 25 na zile 15 ziko wapi? Wakijibu kwa hesabu, wasikilizeni. Wakijibu kwa jina la kabila ama la mji, mmeisha kuelewa.

Na ninyi mnaopanda makamyo juma hili kuelekea Manono kutafuta kazi, nendeni na heshima. Fikeni kwa chifu wa mtaa, jitambulisheni, msidharau. Mkiwakuta wenyeji wamegoma kwa sababu ya mshahara, msichukue nafasi zao hata kama tajiri anawaita kwa jina. Ninyi wa Manono, mkiwaona vijana wa ziwani wamefika, waulizeni kwanza kontra yao inasemaje, halafu walinganishe na yenu. Mkiona hazilingani, hapo ndipo mkutano wa sendika uanze.